Tuliza, fundi wa gemu inayoitikia hodi

Saa nne asubuhi, na mwanamume mwenye joho la kijivu amesimama katikati ya soko bila kutikisika. Watu wanampita kushoto na kulia. Mbuzi anamzunguka. Mvua inaanza, inakatika, na yeye hajajipangusa hata uso.

Upande wa pili wa kioo cha kompyuta, mwanamke wa miaka arobaini na moja naye hatikisiki. Mikono ameikunja kifuani. Picha haiangalii, ameinamisha kichwa upande, anasikiliza feni ya mashine.

"Gemu yenye afya inajua kukaa," anasema kwa sauti ya chini, utadhani yuko wodini. "Ukitaka kujua kama ni nzima, usiikimbize. Isimamishe sokoni, penye watu wengi, isifanye kitu. Kama ina ugonjwa haitavumilia. Itaanza kuhangaika yenyewe."

Wateja wanamwita Tuliza, na jina limemganda kiasi kwamba hata mwenye nyumba anamwita hivyo hivyo. Kazi yake ni kuzuia gemu zisianguke. Kuanguka, kwa lugha ya chumba hiki, ni pale mchezo unapokatika ghafla, picha inaganda au inatoweka, na mchezaji anabaki akitazamana na uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi.

Gemu anayoihudumia zaidi ni ya zamani. Ina kijiji, msitu, bonde na barabara ya mawe, na kampuni iliyoitengeneza iliiacha mkono miaka mingi iliyopita. Kilichoiweka hai ni nyongeza, yaani vipande vinavyotengenezwa na watu wa kawaida majumbani mwao na kupachikwa ndani ya mchezo. Mmoja kaongeza mvua. Mwingine kaongeza nyuso za wanakijiji. Kuna aliyetengeneza mbuzi tu, akaishia hapo. Gemu ya Tuliza ina nyongeza mia tatu na kumi na mbili, na nyingi hazikutengenezwa zikijua kwamba nyingine zipo.

"Vuta picha nyumba moja, wapangaji mia tatu, jiko moja," anasema. "Mimi ndiye ninayegawa zamu. Nani atangulie, nani asubiri, nani asikae karibu na nani. Foleni ikiharibika, wanapigana. Wakipigana, gemu inaanguka."

Mwandishi wa makala haya, ambaye ujuzi wake wa kompyuta unaishia kwenye kuiwasha na kuilaumu, alikwenda akitarajia kuandika habari nyepesi ya mwanamke anayepata riziki kwa michezo. Alipanga kukaa asubuhi moja. Alikaa siku tatu, na usiku wa siku ya tatu aliacha taa ya ukumbini kwake ikiwaka.

Chumba ni kirefu na chembamba. Zamani kilikuwa ghala la rangi, na jua likiwaka sana harufu ya tapentaini bado inatoka ukutani. Kuna kompyuta sita, pazia zito linalozuia mwanga, na mlango mmoja wa mbao unaotazama uchochoro. Ng'ambo ya uchochoro kuna fundi cherehani. Nyuma ya chumba kuna mlango mwingine mdogo unaotoka uani, kwenye vyumba viwili ambamo familia inaishi.

Kwenye kompyuta ya kwanza, karibu kabisa na mlango wa mbele, anakaa mdogo wake Tuliza. Ana miaka thelathini na sita, shingoni amefunga skafu ya bluu, na tangu utotoni anaitwa Kasuku kwa sababu mtaani hapakuwa na sauti ya mtu asiyoweza kuiiga. Alipoambiwa kwamba mgeni ametoka gazetini, alitabasamu, akavuta kibodi, akaandika kwa herufi kubwa: KARIBU. USINIULIZE MASWALI MAREFU.

Kasuku hasemi. Miaka minne iliyopita madaktari walikuta uvimbe kooni mwake, na ili abaki hai ikabidi waondoe kisanduku cha sauti. Anapumua kupitia tundu dogo lililo chini ya skafu ile. Chumba kikiwa kimya unaisikia pumzi ikiingia na kutoka, na dakika za mwanzo hujui uangalie wapi.

Lakini sauti yake imo humo chumbani. Imo ndani ya gemu.

Kabla ya kuugua, Kasuku alitengeneza nyongeza yake mwenyewe, na chanzo chake kilikuwa hasira. Katika gemu ile mchezaji alikuwa anafungua mlango wa mtu na kuingia, anapekua kabati la mtu, anakula chakula cha mtu, na mwenye nyumba anaendelea kufagia.

"Ilimkera mno," Tuliza anakumbuka. "Akasema, dada, huyu ni mtu gani anaingia nyumba ya watu bila hodi? Nikamwambia si gemu tu. Akasema hata kama ni gemu."

Akaifanyia kazi kwa miaka sita. Sasa mchezaji akifika mlangoni anabonyeza kitufe, mtu wake anapiga hodi, na aliyemo ndani anaitika. Wote wanaitika kwa sauti ya Kasuku, ila si sauti moja. Kuna mzee mwenye kikohozi, kuna mama mwenye haraka, kuna mtu aliyeamshwa usingizini, kuna anayejibu na chakula mdomoni. Jibu linategemea saa, mvua, na kama hodi ni ya kwanza au ya pili. Ukipiga ya tatu na usiitikiwe, mlango haufunguki tena. Unatakiwa uondoke, kama mtu yeyote mwenye adabu zake.

Alirekodi akiwa ndani ya kabati la nguo, makoti yamemfunika ili kelele za nje zisiingie.

"Ukipita sebuleni unasikia kabati linakaribisha watu," Tuliza anasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anacheka. "Karibu, karibu. Ingia. Nani? Ngoja navaa. Siku nzima. Wageni wetu wakawa wanatuangalia vibaya."

Fundi pikipiki mmoja, mtu wa miraba minne ambaye huja kucheza wakati wa chakula cha mchana na mikono yenye grisi, alimwonyesha mwandishi jinsi inavyokuwa. Alimpeleka mtu wake kwenye nyumba ya mawe, akapiga hodi. Ndani ikajibu sauti nzito, ya kirafiki: "Ngoja kidogo, navaa."

"Siku ya kwanza nilimgeukia huyu nimjibu," fundi pikipiki alisema, akimwonyesha Kasuku kwa kidevu. "Namkuta kafunga mdomo, ananitazama. Sauti inatoka huku, mwenye sauti yuko kule na hasemi. Kaka, mimi si mwoga, lakini siku ile nilimaliza soda yangu nje."

Kasuku aliandika: HAKULIPA ILE SODA.

Mpaka hapo mtu anaweza kudhani hii ni habari ya kumbukumbu tu, ya watu wanaohifadhi kitu cha zamani. Mwandishi alidhani hivyo, mpaka saa kumi alasiri.

Saa kumi Tuliza alisimamisha kazi zote. Aliwaomba wateja wapunguze sauti, akasogeza kiti kimoja karibu na kompyuta ya kwanza, akaweka kikombe cha chai mezani. Kasuku alimwingiza mtu wake ndani ya nyumba kijijini, akaweka kidole juu ya kitufe cha pili, kile ambacho mchezaji aliyemo ndani hutumia kuitika, akatulia.

Kisha viatu vikasikika uchochoroni, vya mtu mzima, vikiburuta kidogo. Vikasimama nje ya mlango.

"Hodi."

Kasuku alibonyeza. Kutoka kwenye spika, sauti ya kijana mchangamfu ikajibu: "Karibu, karibu. Ingia tu, nanawa mikono."

Mlango ukasukumwa, akaingia bibi mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alivua viatu, akaviweka sawasawa ukutani, akaketi kwenye kile kiti. Ni mama yao.

Alimgeukia Kasuku, mwanawe wa kumzaa, akamtazama kama mtu unayekutana naye kwenye benchi la zahanati. "Hujambo, baba," alimwambia. Kasuku aliweka kiganja kifuani, akainama.

"Marahaba," mama akajibu, ingawa hakuna aliyemwamkia.

Akanywa chai kidogo. Akauliza, "Mwanangu yuko nyuma?" Kasuku akabonyeza tena, na sauti yake ikatoka kwenye nyumba ya kijijini: "Nakuja."

"Anapenda kujikawiza huyo," mama alimwambia mwandishi kwa fahari. "Tangu mdogo."

Alikaa kama nusu saa, akiwa ameridhika. Kisha akasahau alichokuwa akisubiri, na Tuliza akamshika mkono na kumtoa kwa mlango wa nyuma. "Mwambieni nilikuja," alisema.

Madaktari wanasema ni maradhi ya usahaulifu na hayarudi nyuma. Kabla hayajamshika, Kasuku alikuwa mnene, mwenye ndevu, na kila alasiri mama alitoka uani akazunguka uchochoroni kuja kumtembelea kazini kama mgeni, kwa kupenda kuitikiwa. Mazoea yale yamebaki. Sauti imebaki. Uso umefutika.

"Tulimwambia kuhusu operesheni," Tuliza anaeleza. "Alilia siku nzima. Kesho yake akaamka hajui, tukamwambia tena, akalia upya. Mara ya tatu Kasuku akaniandikia, basi, dada, inatosha. Huwezi kumuua mtu kwa habari ile ile kila siku."

Kwa nini asiitike Tuliza? Aliwahi kuitika. Mama alisimama pale pale mlangoni akasema, "Sikuja kwako, mama, nimekuja kwa mwanangu. Kama hayupo nitarudi," akaanza kuondoka. Kuingia nyumba ambayo mwenyewe hayupo ni jambo ambalo hata maradhi hayajamsahaulisha.

Na kwa nini wasitumie simu, wakaweka rekodi moja ya "karibu" wakamaliza kazi? Walijaribu hilo pia. Siku mbili aliingia. Siku ya tatu alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo redio."

"Hapo ndipo nilipoelewa alichokitengeneza mdogo wangu," anasema Tuliza. "Rekodi ninazo, nimezihifadhi sehemu tatu. Hazitapotea. Lakini kwenye simu sauti yake inasema tu. Kwenye gemu inaitika. Mvua ikinyesha inamhimiza aingie asilowe. Akiwahi, inashangaa amewahi. Mama anajua tofauti ya kusemewa na kuitikiwa. Wewe pia unaijua, hujawahi kufikiria tu."

Tatizo ni kwamba kuitika huko kumejengwa juu ya mabega ya wengine. Nyongeza ya Kasuku inasoma saa kutoka nyongeza ya mtu mmoja, mvua kutoka ya mwingine, na nyuso kutoka ya wa tatu, na wengi wa watu hao hawapatikani tena. Tuliza aliwahi kuondoa arobaini zilizokuwa zinagombana. Gemu ikatulia kama maji ya mtungi. Kisha akapita nyumba zote za kijiji akipiga hodi, na kijiji kizima kilikuwa kimya.

"Nilikaa pale nikaona baridi," anasema. "Watu wapo ndani, nawaona madirishani. Hakuna anayeitika." Alizirudisha zote arobaini alasiri hiyo hiyo.

Kwa hiyo kila asubuhi anasikiliza feni. Kosa likitokea anaigawa gemu katikati, nusu ya nyongeza zikae na nusu zitoke, aone ugonjwa umebaki upande gani, kisha anaugawa upande huo tena, mpaka abaki na mkorofi mmoja. Hatoi mtu. Anamtafutia nafasi nyingine kwenye foleni, au anamwandikia kiraka kidogo cha kumpatanisha na jirani yake. Kazi hiyo hiyo anawafanyia wateja wanaomtumia gemu zao kwa mtandao. Mwezi mzuri inalipa kodi, umeme na dawa za mama. Mwezi mbaya anaanza na dawa.

Mwaka jana, siku moja, hakuwahi.

Alikuwa ametoka kununua kebo. Mama alifika, akapiga hodi, na gemu ikaanguka pale pale Kasuku alipobonyeza. Hodi ya pili, kioo cheusi. Hodi ya tatu, kimya. Viatu vikageuka.

Kasuku alitoka mbio kumfuata. Hawezi kuita. Fundi cherehani, aliyekuwa amekaa kwenye mashine yake, aliona kila kitu na bado hapendi kukisimulia.

"Yule mama aligeuka," alisema, huku akikata uzi kwa meno, "akaona mwanamume asiyemjua anamkimbilia, skafu imefunguka, shingo ina tundu, mdomo wazi na sauti haitoki. Akakimbia. Mimi sikujua yule mama anaweza kukimbia. Kijana akasimama mwenyewe, kwa sababu kila akimfuata anazidi kumtisha."

Walimpata jioni, mtaa wa mbali ambako hakuna mtu wa familia aliyewahi kuishi. Alikuwa anapita mlango kwa mlango. Anapiga hodi tatu, anarudi nyuma hatua moja, anasubiri, anakwenda mlango unaofuata. Mwanamke mmoja aliyekuwa ndani kwake hakuitika kwa hofu, akamchungulia dirishani muda mrefu. Nyayo za mama zilikuwa zimechubuka. Alipomwona Tuliza alisema, "Siku hizi watu hawaitiki."

Tuliza aliposimulia maneno hayo ilibidi ainuke, akaenda kurekebisha pazia ambalo halikuwa na kasoro.

Usiku wa mkasa huo, anasema, alifanya kosa ambalo angemkaripia mwanagenzi yeyote. Alikuwa na nakala ya dunia ile ile kwenye kompyuta ya nne, iliyoko pembeni kabisa, ambayo huifanyia majaribio. Kwa hasira na machozi alitaka kumjua mkorofi hapo hapo, akaanza kung'oa nyongeza mchezo ukiwa katikati, bila kuufunga kwanza. Mojawapo ilikuwa nyumba ya bondeni, ambayo Kasuku aliiwekea mlango wa hodi kwa mikono yake.

"Katikati ya mchezo hung'oi kitu," anasema. "Nyumba utaiondoa. Lakini ile sehemu iliyokuwa inasikiliza mlango hujaiambia. Inabaki kwenye kumbukumbu ya mchezo, inaendelea kusikiliza mlango ambao haupo. Sisi tunaiita yatima."

Tangu hapo kompyuta ya nne ina kiwanja kitupu bondeni, majani tu na mawe, na mara moja moja, bila mtu kupiga hodi, sauti inatoka pale na kuuliza: "Nani?"

Haisemi kingine. Huenda ikanyamaza wiki nzima, au ikauliza mara mbili asubuhi moja. Si sauti ya mzee wala ya mama mwenye haraka. Ni Kasuku mwenyewe, bila kuigiza, kama alivyokuwa akiuliza akiwa chumbani kwake na mlango umegongwa.

"Mimi niliwahi kuijibu," fundi pikipiki alikiri. "Ikauliza nani, nikasema mimi. Nilikuwa nafanya utani. Ikanyamaza siku mbili. Tangu hapo sikai pale hata unipe bure."

Tuliza ana maelezo ya kitaalamu na anayatoa bila kupepesa. Ni hesabu tu iliyobaki inazunguka, anasema, haimsikii mtu, mashine ile haina hata maikrofoni. Lakini mwandishi aligundua kuwa kiti chake kimewekwa kwa namna ambayo hawezi kuipa kompyuta ya nne mgongo.

Alikuwa ameamua kuifuta Ijumaa. Kumbukumbu iliyochafuka vile haisafishiki, na yatima mmoja akikaa muda mrefu anaweza kuvuta mashine nzima. Siku ya tatu ya ziara hii ilikuwa Alhamisi. Asubuhi alimsimamisha mtu wake bondeni, mbele ya kile kiwanja, spika wazi, ausikilize ugonjwa kwa mara ya mwisho. Hadi mchana kiwanja hakikuwa kimeuliza chochote, na kazi nyingine zikamfanya aisahau.

Saa kumi alasiri mvua inanyesha, nje na ndani ya gemu pia. Chai ipo mezani. Kasuku yuko tayari. Viatu vinasikika uchochoroni, taratibu, vinasimama.

"Hodi."

Kasuku anabonyeza. Kwenye kioo chake mvua imeganda hewani, matone yamening'inia. Anabonyeza tena. Mtu wake aliyemo ndani ya nyumba amebaki na mkono juu, kama aliyetaka kusema kitu.

Tuliza amekwisha kufika. Anaiua gemu, anaiwasha upya, na wote wawili wanajua haitawahi. Nyongeza mia tatu na kumi na mbili kukaa kwenye foleni kunachukua dakika kadhaa. Hodi tatu hazifiki dakika moja.

"Hodi," mama anasema mara ya pili, kwa sauti ya juu kidogo, kwa sababu ya mvua.

Kasuku ameinuka, kisha anarudi kukaa. Ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Anajua akitoka nje itakuwaje. Fundi pikipiki, ambaye leo mvua imemzuia kurudi kazini, amevua vifaa vya masikioni na haondoi macho mlangoni. Tuliza anasema, "Karibu mama, yupo, ingia," na mama anajibu kwa upole, nyuma ya mbao, "Asante, mwanangu. Nimekuja kwake yeye."

"Hodi."

Hakuna kitu. Mvua juu ya bati. Pumzi ya Kasuku inaingia na kutoka haraka. Kisha viatu vinageuka.

Kutoka pembeni, kwenye kompyuta ambayo hakuna aliyekaa, sauti inauliza:

"Nani?"

Viatu vinasimama.

"Mimi mamako," mama anasema. "Nani mwingine?"

Hakuna anayesogea. Kwenye kioo cha nne yuko mtu mwenye joho, mbele yake majani na mawe yanalowa, na hakuna nyumba.

"Aa, mama," sauti inasema. "Karibu."

Mlango ukasukumwa. Aliingia akiwa amelowa mabega, akavua viatu, akavipanga. "Siku hizi unanisimamisha mno mlangoni," alilalamikia chumba kizima. Akaketi. "Hujambo, baba," akamwambia Kasuku. Kasuku hakuweka kiganja kifuani. Alikuwa amejifunika uso, mabega yanamtikisika, na kilio chake hakikuwa na sauti yoyote.

"Marahaba," mama alisema, akampigapiga goti. "Usilie, baba. Utapona."

Alipokwisha kurudishwa uani, Tuliza alikaa mbele ya kompyuta ya nne muda mrefu. Aliangalia kila kinachoweza kuangaliwa. Kibodi haikuguswa. Kiwanja kilikuwa kitupu kama jana.

"Sadfa," alisema hatimaye. "Huwa inauliza. Leo imeuliza wakati ule. Ni sadfa."

Na ile karibu?

Alipunguza mwanga wa kioo, akaupandisha tena. Fundi pikipiki alikuwa anavaa viatu. Kasuku alivuta kibodi yake, kioo cha kwanza kikiwa kimekwisha kuamka na mvua ya kijijini imeanza kunyesha tena. Aliandika: NIMEREKODI MAELFU. Akangoja. Akaongeza: HIYO SIIKUMBUKI. Kisha akaifuta, herufi moja moja.

Ijumaa imepita, mwandishi amerudi kuangalia, na kompyuta ya nne haijafutwa. Tuliza ameitoa kwenye mtandao, ameifungia spika iliyo bora zaidi, na ameisogeza kutoka pembeni mpaka jirani na mlango, upande wa pili wa Kasuku. Hatapachika kitu ndani yake wala kutoa. Wateja wawili wamelalamika. Amewaambia kuna vyumba vingine vya gemu mtaani.

"Maisha yangu yote nimekuwa natafuta makosa na kuyaondoa," anasema. "Hili nitalilea."

Anakusudia kumfundisha mtu mwingine foleni ile yote, nyongeza kwa nyongeza, ili siku akiumwa gemu isikose mwangalizi. Zaidi ya hapo ana ombi moja tu, na analisema akiwa ameangalia chini, kwenye sehemu ya ukuta ambapo viatu vya mama huwekwa.

"Mama atafika siku hataweza tena kutoka uani kuja huku. Najua. Iko hodi moja itakayokuwa ya mwisho, na hatutaijua kuwa ni ya mwisho. Hiyo nataka iitikiwe. Sitaki mama yangu amalizie kwenye hodi ya tatu."

Jioni anazima kompyuta moja baada ya nyingine, feni zinanyamaza kwa zamu, na ya nne anaiacha ikiwaka. Mwandishi anaaga, anavuta mlango nyuma yake, na kabla haujafungika vizuri anaisikia ndani, tulivu, ya mtu aliye nyumbani kwake: "Nani?"

Mdomo wake ukafunguka wenyewe. Tuliza, aliyetoka kumsindikiza, alimwekea mkono begani.

"Usijibu," alisema. "Mwachie mama."